Uzi Mweupe, Uzi Mwekundu

Kamituga, tarehe 6 Machi 2023

Tantine Séraphine mpendwa,

Jambo sana. Huku tuko wazima, wewe na Tonton pale Kasha ndio sijui. Mapendo anakusalimu na anasema ile sabuni uliyotuma Noeli imebaki kipande cha kuogea mtoto tu. Merveille ameanza shule ya maternelle na tayari anatufundisha sisi wazazi namna ya kukaa mezani. Mvua inanyesha kama haina nyumba ya kurudia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu iliingia matopeni Jumanne iliyopita, na mimi nikaifuata.

Ni kitu kidogo. Nilikuwa nimempakia mama mmoja kwenye pikipiki, hii moto yangu, pamoja na bidoni mbili za mafuta ya mawese, tunashuka pale kwenye udongo mwekundu. Gurudumu la nyuma likateleza. Nikatupa mguu wa kuume chini kuzuia, kama tunavyofanya motard wote wa huku. Mguu ukabaki umekwama kwenye tope, mwili ukazunguka na moto. Nikasikia "pa!" Nilidhani bidoni imepasuka, kumbe bidoni zote mbili zilikuwa nzima. Mama yule pia hakuumia. Kabla sijafika nyumbani goti lilikuwa limejaa, suruali ikabidi ikatwe.

Mama mkwe ameniletea mzee wa kuunga mifupa. Ameligusa akasema: "Iyi mufupa imetoka mu nafasi yayo. Nitaivuta tu mara moya, utatembea." Nimemwomba angoje kwanza jibu lako, kwa kuwa kazi yako hapo hospitali ni kunyoosha viungo vya watu. Nitumie ile pomade ya kupaka inayochoma. Jean-Claude, dereva wa camion ya mizigo, ndiye anayekuletea barua hii, naye atarudi na jibu.

Ni mimi mtoto wako,
Parfait


Kasha, tarehe 14 Machi 2023

Parfait,

Salamu zimefika, na matope kwenye bahasha yamefika pia. Tonton wako anakohoa lakini hakosi kwaya. Robinet ya maji ya mtaa imekauka wiki ya pili sasa, kwa hiyo mimi na umri wangu huu napanda kilima na bidoni, na nikifika juu hakuna anayenipigia makofi.

Pomade sitatuma.

Soma vizuri. Goti linalovimba kesho yake ni habari nyingine. Goti linalolia "pa" na kujaa kabla ya kufika nyumbani lina damu ndani, na mara nyingi kilichokatika ni kamba. Ndani ya goti kuna kamba ngumu mbili zilizopishana kama msalaba, zinashika mfupa wa paja na mfupa wa mguu isiachane. Madaktari wanasema ligament croisé. Mzee huyo mpe chakula, mshukuru, mrudishe kwake. Asivute, asikande, asichanje. Majani ya kuchemsha yasikaribie goti hilo hata kidogo, maana joto na kukanda sasa hivi vitaongeza damu.

Chukua kitambaa, kiloweshe maji baridi ya mtoni, weka robo saa, mara nne kwa siku. Ukilala, mguu ukae juu ya mfuko wa nguo, uwe juu kuliko moyo wako. Funga bande lakini isibane. Vidole vikipata ganzi, legeza. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usiningoje mimi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na hata bila hivyo wakupige radio, ile picha ya mifupa, tujue mfupa haukuvunjika. Tembea na fimbo mbili.

Kisha unijibu mambo mawili. Unaweza kulinyoosha goti mpaka mwisho, au linakwama? Na ukishuka mteremko, au ukigeuka ghafla, linakuponyoka?

Nijibu ukweli. Nafurahi simu yako ilizama, maana kwa simu ungeniambia "niko sawa" ukakata.

Tantine wako,
Séraphine


Kamituga, tarehe 2 Aprili 2023

Tantine,

Tunakusalimu sote. Tonton apewe tangawizi. Tumepata majirani wapya, wana jogoo asiyejua saa.

Radio wamepiga, mfupa ni mzima. Uvimbe umeshuka. Goti linanyooka karibu lote, halikwami. Kuhusu kuponyoka, ilikuwa mara moja tu, nikienda choo. Na mara moja tena kanisani, wakati wa matoleo, watu wakadhani nimepatwa na Roho. Nyingine siikumbuki.

Majani ya kuchemsha hatukutumia sana.

Barabara imekatika sehemu mbili. Jean-Claude akianza kupita, atanipa kiti cha mbele, nije Kasha unipime mwenyewe.

Parfait


Kasha, tarehe 9 Mei 2023

Mwanangu Parfait,

Natumaini ulifika salama na mguu ukiwa umenyooka, siyo umekunjwa chini ya gunia la mtu. Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya, na Tonton anauliza nani amemaliza karanga.

Yale tuliyosema hapa nayaandika, kwa sababu najua ulikuwa unaitikia tu. Nilipokulaza na kuvuta mfupa wa mguu mbele, ulikuja kama drawa ya meza isiyo na kizuizi. Goti la kushoto halikufanya hivyo. Daktari amelishika pia, naye amesema vilevile: kamba ya mbele imekatika. Haitajiunga yenyewe. Upasuaji wa kuweka kamba nyingine upo, ila ni wa mbali, na kwa kuwa goti lako halikwami daktari anataka tuanze na misuli. Watu wengi huishi vizuri hivyo. Paja likiwa na nguvu, linalishika goti badala ya ile kamba.

Lakini paja lako la kuume limeanza kukauka. Uliliona mwenyewe, ukaangalia dirishani.

Kila siku, asubuhi na jioni: kaa chini, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, ibonyeze kwa goti, hesabu mpaka kumi, achia. Mara ishirini. Kisha inua mguu wote ukiwa umenyooka. Baada ya mwezi utaanza kuinama na kuinuka ukishika mlango, magoti yasizidi vidole vya miguu. Halafu kusimama kwa mguu mmoja. Kugeuka na kukimbia, bado kabisa.

Ndani ya bahasha nimeweka nyuzi za kushonea, nyeupe na nyekundu. Pima kiganja kimoja juu ya kifuniko cha goti. Uzi mweupe uzungushe paja la kushoto, mwekundu paja la kuume. Usivute. Kata pale ncha ya uzi inapokutana na uzi, unitumie zote mbili. Hivyo nitakuona kutoka hapa Kasha.

Uliniambia Willy, prezida wa parking yenu ya moto mnapongojea abiria, amekataa kukurudisha kwenye zamu bila karatasi yangu. Sijawahi kumwona mtu huyo lakini nampenda. Nyuzi zikikaribiana na nikikupima tena mwenyewe, nitasaini. Kabla ya hapo, hapana. Goti likiendelea kuponyoka litasaga ile mito laini iliyo kati ya mifupa, na hiyo hatuna ya kuweka badala yake. Na kwenye moto yako hukai peke yako.

Séraphine


Kamituga, tarehe 18 Juni 2023

Tantine,

Salamu kutoka kwa wote. Mapendo amepata kazi ya kushonea shule uniforme, cherehani inalia kuanzia asubuhi. Mimi napika. Usiwaambie watu wa Kasha.

Nyuzi ni hizi. Nafanya mazoezi. Merveille ndiye anayenihesabia, lakini anajua mpaka kumi na mbili tu, akifika hapo anaanza upya, kwa hiyo mara ishirini zimekuwa kitu kama thelathini. Jana alinishika paja akaniuliza: "Papa, ule muguu ya kidogo itakuwa mukubwa lini?" Nilicheka, kisha nikatoka nje kidogo.

Wenzangu wanapita hapa na moto zao wakipiga honi. Wananisalimu kama mgonjwa.

Parfait


Kasha, tarehe 1 Julai 2023

Parfait,

Nimelaza nyuzi zako mezani. Mwekundu umepungukiwa na vidole viwili. Ni vingi, lakini umekuwa mkweli, na hilo ndilo nililoliomba. Endelea. Mhesabuji wako muongezee sukari kwenye uji.

Wakikupigia honi, wapungie mkono. Kupika hakujamvunja mtu goti.

Tantine


Kamituga, tarehe 20 Agosti 2023

Tantine Séraphine mpendwa sana,

Nakusalimu kwa heshima kubwa, wewe na Tonton, na majirani wote wa Kasha, na watu wa kwaya, bila kumsahau yule mama anayeuza mkate kwenye kona. Tunawaombea afya njema. Huku hali ya hewa ni nzuri. Barabara imekauka. Mapendo, Merveille na mama mkwe wote ni wazima na wanakushukuru kwa mema yote uliyotutendea tangu zamani.

Nina furaha kukujulisha kwamba nyuzi sasa ziko sawasawa, kama utakavyoona. Sina maumivu. Jean-Claude atarudi Alhamisi. Ningeomba umpe ile karatasi ya Willy, ili nisikusumbue tena na safari ya kunipima.

Asante sana, Tantine.

Mtoto wako mtiifu,
Parfait


Kasha, tarehe 3 Septemba 2023

Parfait,

Tuko wazima. Yule mama wa mkate ameshangaa kusikia unamwombea.

Nimelaza nyuzi zako mezani. Ziko sawa kabisa, mpaka unywele. Kazi hii naifanya mwaka wa thelathini na mbili, na sijaona binadamu mwenye mapaja mawili yaliyo sawa mpaka unywele. Yangu, ambayo hayajaumia, yanapishana nusu kidole. Tena ncha zake zimekatwa kwa mshazari mmoja. Ulipima paja la kushoto, ukaziweka nyuzi pamoja, ukapiga mkasi mara moja. Mkasi wa Mapendo, bila shaka, maana umekata vizuri.

Nimekasirika. Nilitaka kukuandikia maneno makali, nikayaandika, nikayachana. Nimeona afadhali nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Baba yako Barthélemy alichechemea. Ulikuwa unamwigiza ukiwa mdogo, naye anacheka. Nyumbani wanasema aliumizwa na mpira, akiwa golikipa. Ni kweli, lakini mpira ulimuumiza mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa 1991. Goti lilipiga "pa" kama lako. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nafanya stage ya kujifunza kazi hospitalini, nimevaa blouse nyeupe ya wauguzi inayonizidi. Alifanya mazoezi miezi mitatu, na paja lake likaanza kurudi, pole pole. Siku ya kumpima mwalimu wangu hakuwepo, akaniachia kazi. Timu yao ilikuwa inangoja finale Jumapili. Kaka yangu alikaa kwenye kitanda cha mazoezi, akaniangalia kwa yale macho yake, akasema: "Séra, andika tu ni sawa. Ni siku moya." Tofauti ilikuwa kidole kimoja na nusu. Nilichukua fiche yake ya vipimo, nikaandika namba ile ile upande wa kushoto na upande wa kuume. Nikasaini.

Alicheza dakika ishirini. Aliruka kwa mpira wa kona, akashukia mguu ule, na tangu siku hiyo baba yako hakukimbia tena. Hakunilaumu. Hakuwaambia hata wazazi. Harusini kwangu alicheza dansi amekaa kwenye kiti.

Unajua ulikuwa na miaka kumi na mitatu udongo uliposhuka kule shimoni, kwenye machimbo alikofanya kazi baba yako. Walikuwa watu watano. Wanne walikimbia.

Watu husema ni udongo. Mimi najua pia ile namba niliyoiandika.

Kwa hiyo karatasi ya Willy sitatoa. Usiniombe tena. Nimekutumia nyuzi mpya. Na kama kuna kitu kingine unanificha, na nadhani kipo, nitakingoja.

Séraphine


Kamituga, tarehe 12 Novemba 2023

Tantine,

Sijui nianze na salamu gani. Wote ni wazima.

Barua yako ya Septemba imenifikia tarehe 9 Oktoba. Mvua zilianza mapema, camion ya Jean-Claude ilikwama njiani wiki tatu, barua zikiwa ndani ya kabati la mbele pamoja na biskuti zake. Ilifika siku moja baada ya jambo ninalotaka kukueleza. Nimeshindwa kukaa chini na kuandika mpaka leo.

Tangu mwisho wa Julai nilikuwa naendesha. Willy hakujua. Rafiki yangu Yannick alikuwa ananiachia moto yake, nami nachukua watu mbali na parking. Mazoezi niliacha. Goti lilikuwa linaniponyoka lakini nikiwa nimekaa kwenye moto silihitaji sana, ndivyo nilivyojiambia.

Tarehe 8 Oktoba nilimpakia mama mmoja, anaitwa Noëlla, na mtoto mgongoni, wanatoka kliniki ya watoto. Hatukuteleza hata. Tulikuwa tumesimama. Kuku alipita, nikasimamisha moto, nikaweka mguu wa kuume chini kama siku zote, na goti likaondoka. Moto ikalala upande ule na sisi watatu. Mama Noëlla alijigeuza hewani ili asimwangukie mtoto, akatua kwa mkono. Mkono ulivunjika juu ya kiganja. Mtoto hakupata hata mkwaruzo, alilia kwa sababu mama yake alilia.

Nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Aliniuliza: "Ulikuwa unajua ile goti iko mubovu?" Nikamjibu ndiyo, nilijua. Akasema nimchotee maji, maana mkono wake hauwezi. Namchotea mpaka leo, bidoni moja moja, kwa kamba ya begani, polepole. Mwenyewe nilikwenda kumwambia Willy. Amenifuta kwenye orodha mpaka karatasi yako ipatikane, na Yannick amesimamishwa mwezi mzima. Hanisalimu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikujua habari za baba. Nilikuwa namkasirikia, Tantine. Nilikuwa najiuliza kwa nini yeye tu alishindwa kukimbia, kama vile hakututaka vya kutosha. Sasa sijui nimkasirikie nani. Wewe siwezi. Nimejaribu siku mbili, nimeshindwa.

Nyuzi ni hizi. Mapendo ndiye aliyepima, kwa mkono wake, mimi nimeangalia pembeni. Ni vidole viwili vilevile, kama Juni.

Nimeanza upya. Merveille sasa anahesabu mpaka ishirini.

Parfait


Kasha, tarehe 2 Desemba 2023

Mwanangu,

Nimepokea. Nimelia kidogo, Tonton akadhani ni vitunguu, nikamwachia adhani hivyo.

Mwambie Mama Noëlla kwamba bande ikitolewa afungue na kufumba kiganja ndani ya maji ya vuguvugu, kila asubuhi. Nitamtumia mpira mdogo wa kufinya.

Wewe endelea. Sasa ongeza ngazi: panda na shuka jiwe moja, mguu wa kuume tu, polepole, mbele ya kioo ili goti lisiingie ndani. Mwezi wa nne uje nikupime.

Tantine wako


Kamituga, tarehe 31 Machi 2024

Tantine,

Pasaka njema. Mama Noëlla anafua mwenyewe sasa, ila bado ananiita nikipita na bidoni, nadhani amezoea. Yannick alikuja jana, akakaa, akala. Mapendo ana mimba ya miezi minne. Akiwa mvulana, tumeshakubaliana jina, na wewe unalijua.

Sijaponyokwa tangu Januari. Nashuka mteremko wa kisima na bidoni imejaa.

Nyuzi zimo humu. Hazikulingana. Mwekundu umepungukiwa kama nusu ya kidole. Mapendo alisema: "Vuta kidogo tu, itafika." Sikuvuta.

Nitapanda na Jean-Claude wiki ijayo. Uamue wewe.

Parfait


Kasha, tarehe 11 Aprili 2024

Kwa Bwana Willy, prezida wa parking ya moto, Kamituga

Salamu kwako na kwa motard wote.

Mimi niliyesaini hapo chini nimempima Parfait leo, mara tatu, kwa utepe wa metre na kwa mikono yangu. Ameruka kwa mguu mmoja mbele yangu, ameshuka ngazi zote za Kasha na kuzipanda. Goti la kuume linashikwa vizuri na misuli. Kamba ya ndani haipo na haitakuwepo. Aendeshe, akianza na mizigo miepesi, na akisimama aweke chini mguu wa kushoto.

Mapaja yake hayalingani. Tofauti ni nusu kidole. Nimeiandika kama ilivyo.

Séraphine, kinésithérapeute,
dada yake Barthélemy